Usiku 3,000 kwa asilimia tano!

Ndugu msomaji, kabla hujarukia ukurasa wa michezo, hebu tuulizane jambo moja. Mkate uliokula leo asubuhi uliingia kwenye tanuri saa ngapi? Gazeti hili ulilolishika mkononi lilichapwa saa ngapi? Yule muuguzi aliyempokea mgonjwa wako saa tisa usiku wa manane, yeye alikuwa amelala lini? Na yule mlinzi wa benki unakoweka vijisenti vyako, mwenye koti refu na bunduki kuukuu, watoto wake wanamwona saa ngapi?

Nchi hii, ndugu yangu, ni nchi mbili. Ipo Tanzania ya mchana na ipo Tanzania ya usiku. Tanzania ya mchana ina mawaziri, ina makatibu wakuu, ina semina, posho na utepe wa kukata. Tanzania ya usiku ina wavuja jasho tu. Haina mbunge. Haina waziri. Hata afisa kazi haina, maana ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na usiku unaotajwa na sheria ya kazi huanza saa mbili usiku. Watakutana wapi?

Sasa wakubwa nao wameugundua usiku. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku kucha, baada ya zuio la miaka mingi. Mwaka 2025 Kariakoo ikatangaziwa biashara ya saa 24. Tukapigiwa vigelegele: uchumi haulali!

Sawa. Sisi hatupingi. Mgonjwa hasubiri kupambazuke, meli bandarini haisubiri kupambazuke, na mama anayewahi mnada wa samaki Feri anatoka nyumbani jogoo hajawika. Lakini uchumi usiolala maana yake ni watu wasiolala. Hapo ndipo tunapouliza swali ambalo hakuna kiongozi aliyelijibu kwenye vigelegele vile: nani anaweka hesabu ya usingizi wa watu hao?

Jibu ni moja, na tunalisema bila kumung'unya maneno. Hakuna! Hauhesabiwi kwenye mshahara sawasawa, hauhesabiwi kwenye afya, na siku ya kustaafu hauhesabiwi kabisa.

Mimi ni shahidi

Anayekuandikia hakusimuliwa. Niliingia kiwanda kimoja cha nguo, mali ya umma, mwaka 1976, kijana wa miaka 20, kifua mbele. Tulikuwa na shifti tatu. Ya kwanza ilianza saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Ya pili saa nane mchana mpaka saa nne usiku. Ya tatu saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kila wiki unahama. Wiki hii unalala kama watu wengine. Wiki ijayo unarudi nyumbani mtaa mzima umeshalala na ugali umepoa. Wiki ya tatu unapishana na wenzako njiani, wao wanakwenda kazini wameoga, wewe unarudi na pamba kwenye nywele. Mwili ukianza tu kuzoea, umeshahamishwa.

Tuliimba Uhuru na Kazi. Na kwa kweli tulifanya kazi. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Tukaufunga. Mpaka leo hii nasubiri tangazo la kuufungua.

Utauliza, chama cha wafanyakazi kilikuwa wapi? Kilikuwepo. Mwaka 1964 vyama huru vilifutwa ikaundwa NUTA. Mwaka 1978 ikageuzwa kuwa JUWATA, jumuiya ya chama kilichoshika hatamu. Sasa niambie wewe, mtoto atamgombeza baba yake? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekemea ubwana na unyapara wa viongozi makazini, na wafanyakazi wa miaka ile waliuamini, wakawagomea mameneja wao. Nilipoingia mimi moto ule ulikuwa umeshazimwa. Zilikuwa zimebaki picha ukutani na king'ora cha shifti.

Mwaka 1995 nikapunguzwa. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa kama maembe ya msimu, na sisi tuliouzwa nayo tukapewa kiinua mgongo ambacho hakikumaliza mwaka. Nikaokota kazi kwenye kampuni moja ya ulinzi ambayo siitaji. Huko hakukuwa na shifti tatu. Lindo lilianza saa kumi na mbili jioni likaisha saa kumi na mbili asubuhi, usiku mtupu, miaka minne, mpaka mwili ulipogoma. Daktari aliniambia kwa upole, "Mzee, usiku basi." Mwajiri akaniambia kwa ukali, "Kama usiku basi, na kazi basi."

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina itikadi. Kiwandani nilikuwa usiku wiki moja katika kila wiki tatu, siku sita kwa wiki. Ukiondoa likizo, ni karibu usiku 100 kwa mwaka. Kwa miaka 19 ni usiku 1,900. Kwenye ulinzi ilikuwa usiku kama 275 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 1,100. Jumla ni usiku 3,000. Gawa kwa siku 365. Ni zaidi ya miaka minane, ndugu msomaji! Miaka minane mfululizo, Jumapili na sikukuu ndani, nimekaa macho wakati viumbe wote wa Mungu isipokuwa popo na bundi wamelala.

Wala usidhani mchana nililala. Alipanga nani chumba kimoja uswahilini akalala mchana? Bati linawaka. Jirani anatwanga. Muuza maji anagonga madumu. Anapita kijana na spika anatangaza dawa ya panya, mende na kunguni, akitoka huyo anakuja wa mitumba. Mke wangu alikuwa anawafukuza watoto wakacheze mbali, "Baba yenu kalala!" Watoto wangu wamenikumbuka hivyo: mtu aliyefunikwa shuka mchana, asiyetakiwa kuamshwa. Misiba nimekosa. Harusi nimekosa. Mikutano ya wazazi shuleni nimeisikia kwa mke wangu.

Mwili hauhongeki

Wapo wanaosema kazi ya usiku ni mazoea tu. Waongo! Binadamu ana saa ndani ya mwili wake, na saa hiyo hufuata jua. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Hiyo ndiyo inayopanga usingizi, joto la mwili, shinikizo la damu, njaa na homoni. Unaweza kuihonga kwa chai ya rangi na tangawizi kwa usiku mmoja. Huwezi kuihonga miaka 30. Na anayehamishwa kila wiki ana balaa zaidi, maana saa yake haipati nafasi ya kutulia popote.

Wataalamu wameonyesha kwamba watu wa shifti za usiku wanaandamwa zaidi na maradhi ya moyo na kisukari. Mwaka 2007 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya shifti inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo inaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2019 wataalamu walikutana tena, wakaipitia upya kazi ya usiku, wakaiacha katika kundi hilo hilo. Hayo si maneno ya wapinzani wa serikali. Ni maneno ya madaktari.

Na hapa kwetu tuna letu ambalo halisemwi Geneva. Mbu wa malaria huuma usiku. Serikali inatuambia, na inatuambia vizuri, tulale ndani ya chandarua chenye dawa. Mlinzi wa getini atalala ndani ya chandarua gani? Mama muuza chipsi stendi saa saba usiku atajifunika nini? Kuli wa bandarini je? Kampeni nzima ya chandarua imeandikwa kwa ajili ya Tanzania ya mchana, ile inayolala usiku.

Kama huwahurumii wanaokesha, basi jihurumie mwenyewe. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka saa saba na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Gesi ya sumu ya Bhopal, India, iliyoua maelfu ya watu, ilivuja usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Maafa yale yalikuwa na sababu nyingi, na usiku peke yake hauwezi kubebeshwa lawama yote. Lakini dereva wa basi lako la usiku, fundi mitambo wa umeme wako na muuguzi anayepima dozi ya mtoto wako saa kumi alfajiri, wote ni watu ambao miili yao saa hiyo inadai usingizi kama mwenye nyumba anavyodai kodi. Uchovu wao ni hatari yako.

Sheria inasemaje?

Tusiwasingizie. Sheria ipo. Inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara. Inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Inasema usiku ni baada ya saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Inakataza mjamzito kufanyishwa kazi usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na mama aliyejifungua kwa miezi miwili baadaye. Inakataza watoto wa chini ya miaka 18. Inamlinda aliyethibitishwa na daktari kuwa hafai kwa kazi ya usiku. Saa 12 za kazi kwa siku bila ovataimu inaziruhusu kwa makubaliano ya maandishi tu, na zisizidi siku tano kwa wiki. Wewe mlinzi unayesimama lindo siku sita, saa 12 kila usiku, umeona maandishi hayo? Uliyasaini lini?

Halafu inakuja bei. Sheria inasema kila saa ya usiku iongezewe angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi. Asilimia tano! Tuikokotoe hiyo neema. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, ambao kwa wengi wa usiku ni ndoto. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una saa 195. Saa moja ni shilingi 1,538. Asilimia tano yake ni shilingi 77. Akikesha saa nane, na hata tusipomkata saa ya kula, nyongeza yake ni kama shilingi 615.

Shilingi 615, ndugu msomaji! Ndiyo bei ya usiku mzima wa Mtanzania. Haifiki nauli ya daladala ya kwenda na kurudi. Ukipanda kwenda, rudi kwa miguu.

Endelea na hesabu. Kijana anayeanza leo shifti tatu, usiku 100 kwa mwaka, atapata nyongeza ya shilingi 61,500 kwa mwaka. Akidumu miaka 30 atakuwa amekesha usiku 3,000 kama mimi, na kwa mshahara huo atakuwa amelipwa nyongeza ya shilingi 1,845,000. Kwa miaka minane ya usiku haikupi hata pikipiki moja mpya. Na mimi nisiye na bahati hata hiyo sikuipata, kwani usiku wangu wote ulipita kabla ya mwaka 2004.

Na hiyo ni kwa mwajiri anayelipa. Wangapi hawalipi? Nenda kaangalie karatasi yako ya mshahara, kama unapewa karatasi. Pana mstari wa makato ya hifadhi ya jamii, pana mstari wa kodi, pana mstari wa mkopo. Mstari wa usiku uko wapi? Na wewe unayekesha, sema kweli: tangu uanze kazi umewahi kumwona afisa kazi akikagua saa nane usiku?

Kikokotoo kipofu

Nchi hii imegombana sana juu ya kikokotoo. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za malipo ya mkupuo ya asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na mwishoni mwa mwaka huo huo zikasimamishwa. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 ikapandishwa tena. Kila Mei Mosi watu wanavaa fulana na kofia, wanaandamana, wanadai asilimia. Ni haki yao, na tuko nao.

Lakini hebu kitazame kikokotoo chenyewe. Kinauliza umechangia miezi mingapi. Kinauliza wastani wa mshahara wako. Basi. Hakiulizi miezi hiyo uliifanya mchana au usiku. Karani aliyefika saa moja na nusu asubuhi akaondoka saa tisa na nusu kwa miaka 30, na mfumaji aliyekesha usiku 3,000, kwa kikokotoo ni ndugu mapacha. Wote wanasubiri miaka 55 ya hiari au 60 ya lazima. Karani anafika huko na mwili wake. Mfumaji anafika na nusu ya mwili, kama anafika!

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema aliyechumia gizani atalia wapi. Mimi nitawaambia, maana ndipo nilipo: analia kitandani saa nane usiku, macho makavu. Ni miaka mingi tangu niache lindo, na mpaka leo saa nane usiku naamka kama niliyeitwa. Nakaa ukingoni mwa kitanda nasubiri alfajiri. Hakuna mfuko wa pensheni wenye fao la hilo.

Nisingeandika haya kama yangeishia kwangu. Binti yangu wa pili ni muuguzi. Hospitali yake siitaji. Asubuhi, jioni, usiku, halafu asubuhi tena, na wenzake wakipungua anaunganisha. Juzi nilimkuta amelala kwenye kochi, viatu miguuni, ufunguo mkononi. Nikamwambia, "Mama, inuka ukalale kitandani." Akanijibu bila kufumbua macho, "Baba, nikivua viatu sitaamka. Saa mbili naingia tena."

Nikatoka nje. Mwaka 1976 nilipokuwa nakwenda shifti ya tatu nilijua nalipa mimi ili wanangu wasilipe. Tuliambiwa tunajenga nchi. Sasa nchi imejengwa, ina barabara za juu na treni ya umeme, na mtoto wangu analala na viatu.

"Shukuru una kazi!"

Najua majibu yao, nimeyasikia maisha yangu yote. La kwanza ni hilo: shukuru una kazi, wangapi wako mtaani? Hilo ni jibu la mwenye shibe. Kwamba jirani hana chakula si sababu ya mimi kulishwa makapi. Na hao walio mtaani, wakipata kazi kesho, wataanzia usiku. Hii ni vita yao pia.

La pili: mwajiri atashindwa, gharama zitapanda, wawekezaji watakimbia. Twende na mfano wa wenzetu. Brazil si Ulaya, ni nchi iliyotawaliwa ikapata tabu kama sisi. Huko sheria inaongeza angalau asilimia 20 kwa kazi ya usiku ya mjini, na isitoshe, saa ya usiku inahesabiwa kuwa ya dakika 52 na sekunde 30. Maana yake aliyekesha saa saba amehesabiwa nane. Japani nyongeza ni asilimia 25. Je, viwanda vya Japani vimekimbia? Mashine inayozunguka usiku inamzalishia mwenye mali mara tatu ya ile inayozimwa jioni. Faida ya usiku ipo, tena nono. Kinachobishaniwa ni nani aile peke yake.

La tatu: mbona wengine wanautaka usiku wenyewe? Kweli wapo. Mwanafunzi wa chuo, mama asiye na wa kumwachia mtoto mchana, mtu asiyependa bosi. Wachague. Lakini kuchagua ni pale unapoweza pia kukataa. Mlinzi anayeambiwa "usiku au nyumbani" hajachagua kitu.

Tunataka nini?

Hatutaki usiku ufutwe. Tunataka uandikwe! Hilo ndilo dai la kwanza na ndilo mama wa madai yote. Kila usiku wa kila mfanyakazi uandikwe kwenye karatasi yake ya mshahara na upelekwe kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii, kama michango inavyopelekwa. Kisichoandikwa hakidaiwi, na wanajua hivyo, ndiyo maana hawaandiki.

Ukishaandikwa, uingie kwenye kikokotoo. Ufaransa tangu mwaka 2015 mfanyakazi wa usiku anafunguliwa akaunti ya pointi, na tangu mageuzi yao ya 2023 anayefikisha usiku 100 kwa mwaka anahesabiwa. Pointi hizo zinaweza kumstaafisha mpaka miaka miwili mapema. Usiku 100 kwa mwaka, msomaji! Ndiyo hesabu ile ile ya kiwanda changu. Sisi hatudai utajiri wa Ufaransa. Tunadai akili ya kuhesabu tu, na hiyo haiagizwi kwa dola.

Pili, asilimia tano ipande, tena ipande sana. Tatu, anayeingia au kutoka kazini wakati hakuna daladala apewe usafiri, na hasa akina mama, ambao kila mmoja wetu anajua wanayokutana nayo njiani saa kumi alfajiri. Nne, vipimo vya afya vya bure kabla ya kuanza kazi ya usiku na kila baada ya muda, na anayeshindwa ahamishiwe mchana badala ya kufukuzwa kama nilivyofukuzwa mimi. Hayo ya nne hayakutungwa na sisi. Yamo katika Mkataba Na. 171 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1990. Serikali iuridhie. Tano, ukaguzi wa kazi ya usiku ufanyike usiku. Anayekagua lindo saa nne asubuhi anakagua geti.

Wewe msomaji una lako pia, usitusomee tu ukafungia maandazi gazeti. Nunua daftari la kurasa 40. Kila ukitoka shifti ya usiku, andika tarehe na saa, uliyoingia na uliyotoka. Mwenzako naye aandike. Mwisho wa mwezi mkae mjumlishe, mwende nalo kwenye tawi la chama chenu cha wafanyakazi mkaulize mstari wa usiku uko wapi. Na anapokuja mgombea kuomba kura, wa chama chochote, hata cha kwetu, mfungulie daftari umuulize: usiku huu, mheshimiwa, utauhesabu wapi? Akikuambia habari za kanga na fulana, mpe kwaheri.

Mimi sikuwa na daftari. Usiku wangu 3,000 nimeuhesabu kwa kumbukumbu, na najua hakuna wa kunilipa. Lakini binti yangu ameanza kuandika. Nimempa daftari mwenyewe, linakaa kwenye mkoba wake pamoja na kipimajoto.

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Wakubwa wamekopa usiku wetu tangu enzi za NUTA, wakakopa enzi za JUWATA, wakakopa enzi za ruksa, na sasa wanataka kukopa saa zote 24. Kumekucha. Dawa ya deni ni kulipa!